Nani Anambeba Mwalimu?

   Walimu, mazungumzo ya leo ni yenu.

Nina swali moja tu. Mwalimu anapata wapi nguvu za kurudi darasani kesho, na keshokutwa, na mwaka wa ishirini?

Mara nyingi tunajibu haraka: ualimu ni wito. Mwenye moyo atadumu, asiye na moyo atakimbia. Tukishasema hivyo tunaona tumemaliza, tunampongeza mwalimu kwa moyo wake na kumwacha na moyo wake huohuo apambane na darasa. Mimi jibu hilo haliniridhishi. Nimekaa katika ofisi za walimu za kutosha kuona watu wenye moyo mkubwa wakichoka ndani ya mihula miwili, na watu wa kawaida kabisa, wasiojisifu wito wowote, wakifundisha vizuri mwaka hadi mwaka bila kuvunjika. Tofauti yao mara nyingi ilikuwa shule waliyopangiwa. Wa kwanza walibebwa na moyo peke yake. Wa pili walibebwa na mpango wa shule na wenzao ofisini.

Ndilo jambo langu la leo, na nitalirudia: mpango wa shule, na wenzake ofisini. Hayo mawili yanambeba mwalimu.

Tuanze na madaftari. Chukua darasa la nne lenye watoto 110. Usishangae, msikilizaji. Tangu elimu bila ada ilipoanza Tanzania Januari 2016 na wazazi wakaleta watoto kwa wingi, darasa la namna hiyo si jambo geni katika shule za serikali, ingawa kiwango kilichowekwa kwa shule ya msingi ni mwalimu mmoja kwa watoto 45. Mwalimu ametoa zoezi la hesabu, maswali matano. Kila daftari analipa dakika 2: alifungue, apitie hatua za mtoto, aweke vema au kosa, atie sahihi. Dakika 2 mara watoto 110 ni dakika 220, yaani saa 3 na dakika 40. Hilo ni zoezi moja, la somo moja, la siku moja. Na mwalimu huyu ana Sayansi ya darasa la sita pia, na andalio la somo la kesho bado hajaligusa.

Sasa mwambie avumilie. Avumilie vipi?

Walimu wa shule moja wakikaa pamoja wanaweza kulipunguza jambo hilo bila kusubiri mtu kutoka wilayani. Wanakubaliana kwamba Jumatatu zoezi refu ni la Hisabati, Jumanne la Kiswahili, Jumatano la Sayansi, ili madaftari yote yasimwangukie mtu mmoja siku moja. Wanakubaliana kwamba kipindi cha hesabu cha darasa la nne wataingia wawili: mmoja anafundisha ubaoni, mwingine anapita kati ya madawati na kalamu yake nyekundu, anasahihisha mtoto akiwa palepale na kosa lake likiwa bado la moto. Wiki inayofuata wanabadilishana. Kengele inapolia, nusu ya darasa imeshasahihishwa, na mtoto ameelezwa kosa lake kwa mdomo, jambo ambalo alama ya kosa kwenye daftari haiwezi kulifanya. Lakini angalieni: hili halitokei kwa wema wa mtu mmoja. Ni lazima mwalimu wa taaluma awe ameiweka nafasi hiyo kwenye ratiba mapema. Lisipokuwa kwenye ratiba, litafanyika wiki mbili kisha litakufa.

Au tuangalie wiki ya zamu. Walimu mnanielewa. Mwalimu wa zamu saa 12 na nusu asubuhi awe ameshafika. Asimamie usafi, ahesabu watoto mstarini, apokee waliochelewa, aangalie kama uji umeiva, agonge kengele, ampeleke zahanati mtoto aliyeanguka, na jioni aandike kitabu cha zamu. Wakati huohuo vipindi vyake viko palepale. Katika shule nyingi jina lake linaandikwa kwenye ubao wa ofisini na hakuna kingine kinachobadilika. Ijumaa ikifika, sauti imekauka na subira imekwisha, na mtoto atakayeuliza swali la mwisho siku hiyo ndiye atakayejibiwa kwa ukali.

Je, inashindikana kuwapanga wawili kwa zamu moja, mzoefu na mgeni? Inashindikana kumpunguzia vipindi viwili vitatu wiki hiyo, vikashikwa na yule aliyetoka zamu wiki iliyopita? Haishindikani. Inahitaji karatasi, rula, na saa mbili za walimu kukaa pamoja kabla shule haijafunguliwa.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ofisini hilo linaonekana kila siku. Mwalimu wa darasa la saba anamtazama wa darasa la kwanza anavyowaimbisha watoto, anaona mwenzake anacheza. Wa darasa la kwanza anamtazama wa la saba, anaona mwenzake ana watoto wakubwa wanaojielewa. Manung'uniko yanaanza hapo, na nasema kwa uhakika wangu mwenyewe: manung'uniko ya ofisini yanamchosha mwalimu kuliko watoto. Dawa niliyoona inafaa ni rahisi. Mwalimu mkuu anabandika karatasi moja kubwa ukutani, majina ya walimu wote kuanzia jina lake yeye. Mbele ya kila jina: vipindi kwa wiki, idadi ya watoto, zamu, na yale majukumu yasiyo na kipindi, kama michezo, lishe, stoo, malezi na unasihi. Kila mtu anausoma mzigo wa kila mtu. Atakayeonekana amelemewa anapunguziwa mbele ya wenzake, bila kuomba kwa kunong'ona. Na anayefikiri amelemewa kuliko wote, mara nyingine anagundua kuna aliyemzidi, na anaanza kumwamkia kwa heshima nyingine.

Nirudi nyuma kidogo kwa faida ya waliojiunga sasa hivi. Tunazungumzia kinachomwezesha mwalimu kustahimili kazi. Ninachosema ni kwamba ustahimilivu huo unatengenezwa mezani, pale ratiba inapopangwa, na kwenye mabenchi ya ofisi ya walimu. Tuendelee.

Kuna jambo linaloniuma sana, na kina mama walimu watanielewa zaidi. Sheria zetu zinampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Habari ya likizo hiyo inajulikana miezi kadhaa kabla. Hakuna anayeshtukizwa. Hata hivyo, katika shule ngapi siku ya kuondoka inafika na hakuna lililopangwa? Vipindi vyake vinagawanywa mchana ule ule, wanaovipokea wamenuna, na huyu mama yuko nyumbani na kichanga anapigiwa simu: mwalimu, kitabu cha alama umekiweka wapi? Mwalimu, darasa lako ulifikia mada gani? Anarudi kazini akiwa na deni ambalo hakulikopa, kila mtu akimtazama kama aliyewatupia kazi.

Shule iliyojipanga inaanza wiki tatu kabla. Mwenzake atakayeshika darasa anaingia naye, anakaa nyuma, anajifunza majina. Azimio la kazi linaachwa likiwa na alama ya mahali walipofikia. Inaachwa pia orodha fupi: huyu hasikii vizuri sikio la kushoto, akae mbele, huyu anaishi na bibi yake na Jumatatu huja na njaa, huyu anajua lakini hanyooshi mkono. Mama anaondoka na moyo mweupe. Na yule anayebaki anajua kwamba siku yake ya kuuguliwa au kufiwa ikifika, atafanyiwa hivyohivyo. Hakikisho hilo, kwamba ukipungukiwa kuna mtu atasimama mahali pako, linampa mtu utulivu hata katika siku ambazo hajapungukiwa na chochote.

Mwalimu mgeni naye tumpokeeje? Kijana ametoka chuoni, ameripoti kituoni, huenda ni mkoa ambao hajawahi kuukanyaga. Ameshushwa na bodaboda na begi moja. Wiki ya kwanza anapewa darasa la kwanza lenye watoto 130. Kwa nini la kwanza? Kwa sababu wazoefu wote wameshalikimbia. Hili nalisema waziwazi kwamba ni kosa, na ni kosa la kupanga. Kufundisha kusoma, kuandika na kuhesabu ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika shule ya msingi, na inataka mkono uliokomaa. Kijana yule apewe darasa la kati, apewe mlezi, yaani mwalimu mmoja mwenye jina, na kwenye ratiba vitengwe vipindi viwili kwa wiki vya kutembeleana darasani. Mlezi huyohuyo amwoneshe dukani anakopesha nani, maji yanachotwa wapi, na mwenyekiti wa kijiji anakaa wapi. Wengi wanaoomba uhamisho mwaka wa kwanza wanaanza kwa kulala peke yao katika chumba kisicho na mlango mzima, bila mtu wa kumwambia neno jioni.

Sasa tuje kwenye vikao. Walimu, nisameheni, lakini vikao vyetu vingi ni vya matangazo. Barua imetoka juu, inasomwa, tarehe ya mwisho inatajwa, mengineyo, kufunga. Mwalimu anatoka akiwa na kazi zaidi ya aliyoingia nayo.

Nchini kwetu sasa upo utaratibu wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, unaoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na ndani yake zimo Jumuiya za Kujifunza katika shule. Walimu wanakutana shuleni kwao, wanachagua jambo linalowashinda kufundisha, wanalichambua, wanalijaribu darasani, kisha wanarudi kuelezana. Kwa macho yangu huo ndio mpango bora kuliko semina ya siku tatu mjini, kama utapewa muda wake.

Nitoe mfano mmoja, na tuutazame kwa karibu. Mwalimu wa darasa la tatu ameandika ubaoni 42 toa 17. Watoto zaidi ya nusu wameandika 35. Amefundisha tena, wameandika 35. Jioni yuko ofisini amejiinamia, anajiona hajui kazi. Kwenye jumuiya anapata ujasiri wa kusema: mwenzenu nimeshindwa kutoa kwa kuazima. Na mwalimu wa darasa la nne anacheka kwa mshangao: hata wangu wanaandika 35! Wanakaa, wanalitazama jibu lile. Mtoto ameona 2 haitoshi kutoa 7, basi yeye ameigeuza, 7 akatoa 2 akapata 5. Kisha 4 akatoa 1 akapata 3. Kumbe mtoto ana kanuni yake: kubwa toa ndogo, popote ilipo. Hakukosea ovyo. Mwalimu mwingine anatoa vijiti, mafungu manne ya kumi kumi yaliyofungwa kwa mpira, na vijiti viwili pembeni. Anasema, mpe mtoto hivi, mwambie akupe saba. Atatafuta mwenyewe fungu la kulifungua.

Mmeona kilichotokea hapo? Mwalimu aliyeingia akidhani tatizo ni yeye ametoka akijua tatizo ni la watoto wengi, lina sababu, na lina njia. Mzigo wa aibu umeondoka. Hakuna aliyemwambia awe na moyo, na hakuna posho iliyolipwa.

Jambo hili halikuanza leo. Wajapani wana desturi ya miaka mingi ya walimu kuandaa somo moja kwa pamoja, mmoja akalifundisha wenzake wakitazama, kisha wakalijadili. Na sisi wenyewe tuna historia. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilipotaka watoto wote wafikiwe na elimu ya msingi ifikapo 1977, nchi haikuwa na walimu wa kutosha, na vyuo visingeweza kuwatoa kwa haraka ile. Vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa, wakafundisha sehemu ya siku na kujifunza ualimu sehemu nyingine, kwa masomo ya posta, kwa vipindi vya redio, na kwa kusimamiwa na waratibu wa elimu wa kata. Walidharauliwa sana, walimu wale wa UPE, kama mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote ulivyoitwa, na mapungufu ya mpango ule yanajulikana. Lakini wapo waliotumikia madarasa hadi kustaafu, na ukiwauliza waliwezaje, watakutajia mtu: mwalimu fulani mzoefu aliyekaa nao jioni wakiandaa somo la kesho.

Sasa niseme na walimu wakuu na wakuu wa shule. Kila shule inatakiwa iwe na mpango wa maendeleo wa shule nzima. Upo, uko kwenye faili. Swali ni nani aliuandika. Kama uliandikwa na watu wawili usiku mmoja ili uwahi kupelekwa kwenye halmashauri, walimu wako hawaujui na hautawabeba. Utoe kwenye faili. Usome nao, sehemu kwa sehemu, na kila lengo liulizwe: hili linamwongezea nani kazi, na linampunguzia nani? Lengo linaloongeza kazi bila kupunguza mahali popote, liahirishwe. Ndiyo, liahirishwe. Mwalimu mkuu anayeweza kusema hapana kwa mradi mzuri kwa sababu watu wake wamejaa, huyo anastahili pongezi.

Na ninyi wakubwa wa ngazi za juu, ujumbe wa simu wa saa 5 asubuhi unaotaka takwimu zifike saa 8 mchana unavunja ratiba ya shule nzima. Mwalimu anatoka darasani kwenda kuhesabu madawati ambayo yalihesabiwa mwezi uliopita. Pangeni na ninyi.

Yapo mambo makubwa mbele yetu yanayotaka maandalizi ya pamoja. Mitaala mipya ilianza kutumika Januari 2024, na elimu ya msingi inakwenda kuwa ya miaka sita. Kwa jinsi ilivyopangwa, mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza pamoja, na Januari 2028 kidato cha kwanza kitapokea makundi mawili kwa mpigo. Tarehe inajulikana. Shule za sekondari zitakazoanza kukaa na shule za msingi za kata yao sasa, kuzungumza juu ya mikondo, ratiba na nani atafundisha nini, walimu wake watapata mwaka mgumu lakini unaobebeka. Zile zitakazosubiri, walimu wake ndio tutakaowaambia tena wawe na moyo.

Hapa lazima nitahadharishe, nisije nikaeleweka vibaya. Ushirikiano hauzai walimu. Shule ambayo ikama yake ni walimu kumi na wanne ikabaki na sita inahitaji walimu wanane. Ratiba nzuri haitaziba pengo hilo. Nyumba ya mwalimu haijengwi na kikao. Malimbikizo ya madai hayalipwi na upendo wa ofisini. Shirika la UNESCO limesema dunia itahitaji walimu milioni 44 zaidi ifikapo 2030, na milioni 15 kati yao ni wa Afrika kusini mwa Sahara. Hao wataajiriwa na serikali, hawataanguliwa na umoja wa walimu waliopo. Siku ya Walimu Duniani ya 5 Oktoba mwaka 2025 ilihimiza ualimu uonekane kuwa kazi ya ushirikiano, nami naunga mkono kwa mikono miwili. Naomba tu wito huo usitumike kumnyamazisha anayedai haki yake.

Najua yupo anayesema: wewe unaongelea shule yenye walimu kumi, sisi tuko watatu. Kweli. Kwenu ushirikiano utatafutwa nje ya uzio. Shule mbili tatu za jirani zifanye jumuiya moja, Ijumaa moja kwa mwezi. Mtunge mitihani ya mwezi kwa pamoja, mmoja aandae Hisabati ya shule zote, mwingine Kiswahili, mwingine Kiingereza. Maandalio ya masomo yapigwe picha na kutumiwa kwa simu. Na katika madarasa yenu, mkutanishe la kwanza na la pili kwa mada zinazokaribiana, mkilipanga hilo kwenye azimio la kazi tangu Januari badala ya kukutana nalo asubuhi mwenzenu anapougua.

Wazazi, ninyi mna nafasi, na simaanishi michango. Kamati ya shule ni yenu. Kikao cha wazazi kijacho, baada ya kuuliza habari za matokeo na uji, mmoja wenu anyooshe mkono aulize: mwalimu wa darasa la mwanangu akiumwa kesho, nani anaingia? Atakuta somo limeachwa wapi? Mwalimu mgeni aliyekuja mwaka huu analala wapi, na nani anamlea kikazi? Ulizeni kwa upole, wala si kwa kumkomoa mtu. Jibu likiwa tayari, mshukuruni mwalimu mkuu mbele ya watu. Lisipokuwa tayari, ombeni liletwe kikao kinachofuata, na liandikwe kwenye muhtasari.

Muda wangu umefika, wasikilizaji. Wiki ijayo, siku na saa kama hizi, tutazungumza juu ya nyumba za walimu vijijini na nani mwenye jukumu la kuzijenga. Walimu wenye ya kusema juu ya ratiba zenu, tuandikieni tuyasome hapa.